Kasi ndogo ya intaneti nyumbani

Kasi ndogo ya intaneti nyumbani ni hali ambapo data husafiri polepole kuliko inavyotarajiwa kati ya vifaa vya nyumbani (kama vile simujanja, kompyuta na televisheni) na mtandao wa dunia. Dalili zake ni kurasa za tovuti zinazochelewa kufunguka, video zinazosimamasimama, sauti inayokatika katika mikutano ya mtandaoni, na mafaili yanayochukua muda mrefu kupakuliwa au kupakiwa.

Katika nyumba nyingi vifaa huunganishwa kwa Wi-Fi kupitia ruta. Kwa sababu hiyo watu wengi hutumia maneno "Wi-Fi" na "intaneti" kana kwamba yana maana moja. Kwa kweli ni vitu viwili. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha kifaa na ruta ndani ya nyumba. Intaneti ni huduma inayoifikia ruta kutoka nje. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kutafuta tatizo. Familia inayohamia kifurushi cha bei ya juu wakati kasoro ni mahali ilipowekwa ruta hulipa zaidi kila mwezi bila kuona mabadiliko. Vilevile ruta mpya haisaidii kitu ikiwa laini ya nje ndiyo iliyozidiwa.

Vipimo vya kasi

Watoa huduma hutaja kasi kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), lakini kompyuta nyingi huonyesha upakuaji wa faili kwa megabaiti (MB) kwa sekunde. Baiti 1 ni biti 8. Hivyo kifurushi cha Mbps 20 hupakua takriban MB 2.5 kwa sekunde, na faili la MB 300 huchukua dakika 2 hivi. Anayeona 2.5 badala ya 20 huenda akadhani amepunjwa, kumbe kasi ni ileile.

Mambo matatu hupimwa:
- Kasi ya kupakua, yaani data inayoingia nyumbani.
- Kasi ya kupakia, yaani data inayotoka, kama vile picha zinazotumwa au sura ya mtu katika mkutano wa video.
- Ucheleweshaji, yaani muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi. Hupimwa kwa milisekunde.

Laini inaweza kuwa na kasi kubwa ya kupakua na bado isifae kwa mazungumzo. Mfano ni setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta: kwa umbali huo ujumbe na jibu lake huchukua takriban nusu sekunde, na wazungumzaji hukatizana maneno hata kama video hucheza vizuri.

Njia ya data

Data hupita sehemu tatu kabla ya kufika kwa mtumiaji:
1. Kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ruta, kwa Wi-Fi au kwa waya.
2. Kutoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, kwa faiba, waya wa shaba, setilaiti au laini ya simu ya 4G au 5G.
3. Kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye seva za tovuti, ambazo mara nyingi ziko nchi nyingine.

Kasi ya njia nzima haiwezi kuzidi kasi ya sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, kama maji yanavyopita katika mabomba ya unene tofauti.

Sehemu ya tatu haimo mikononi mwa mtumiaji. Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti hadi zilipofika nyaya za chini ya bahari: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikapungua au kukatika katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo hakuna marekebisho ya nyumbani yanayoweza kurudisha kasi.

Kutambua sehemu yenye tatizo

Kabla ya kubadilisha chochote, kasi hupimwa kwa tovuti kama Speedtest au Fast.com. Wakati wa kupima, vifaa vingine vyote hutenganishwa na ruta ili visile sehemu ya kasi. Vipimo hufanywa kwa utaratibu huu:
1. Kompyuta huunganishwa na ruta kwa waya.
2. Kifaa hupimwa kwa Wi-Fi kikiwa mita 2 au 3 kutoka kwenye ruta.
3. Kifaa kilekile hupimwa katika chumba chenye malalamiko.

Ikiwa kasi ni ndogo hata kwa waya, tatizo liko kwenye ruta yenyewe au nje ya nyumba. Ikiwa ni nzuri kwa waya lakini ndogo karibu na ruta, tatizo ni mipangilio ya Wi-Fi, msongamano wa mawimbi au uwezo wa kifaa. Ikiwa ni nzuri karibu na ruta lakini ndogo chumbani, tatizo ni umbali na vizuizi. Ikiwa vipimo vyote ni vizuri lakini tovuti moja tu ni nzito, tatizo liko upande wa tovuti hiyo au njia ya kuifikia.

Asiye na kompyuta ya kuunganisha kwa waya huanzia hatua ya pili. Waya wenyewe pia hukaguliwa: waya wa mtandao una nyuzi 8, na ikiwa mojawapo imekatika huenda muunganisho ukashuka hadi Mbps 100 bila ishara yoyote ya hitilafu.

Vipimo hurudiwa asubuhi na tena kati ya saa 2 na saa 5 usiku, wakati ambapo watumiaji ni wengi.

Sababu za ndani ya nyumba

Mahali pa ruta

Mawimbi hupungua nguvu yanapopita ukutani. Ukuta wa mbao hupunguza kidogo. Zege na matofali ya saruji hupunguza zaidi. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama zile za nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, huweza kuacha chumba cha pili bila mawimbi ya kutosha. Mabati, friji na vioo vikubwa huyarudisha mawimbi, na tangi la maji huyafyonza.

Ruta hufaa kuwekwa katikati ya nyumba, mahali pa wazi, juu ya rafu. Kuiweka sakafuni, ndani ya kabati au nyuma ya televisheni huipunguzia uwezo. Antena iliyosimama wima husambaza mawimbi kuelekea pande zake. Kuilaza ili ncha yake ielekee chumba fulani hukinyima mawimbi chumba hicho.

Masafa na chaneli

Ruta nyingi hutumia masafa mawili. Masafa ya GHz 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana msongamano, kwani hutumiwa pia na Bluetooth, na jiko la mikrowevu hutoa mawimbi yaliyo karibu na masafa hayo. Masafa ya GHz 5 yana kasi kubwa na nafasi zaidi, lakini hudhoofika haraka kwa kuta. Kifaa kilicho karibu na ruta hufaa kuunganishwa na GHz 5, na kilicho mbali na GHz 2.4.

Katika GHz 2.4 chaneli zinazofuatana hupandana. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo hutumiwa zaidi kwa kuwa haziingiliani. Katika jengo la ghorofa lenye ruta nyingi, kuhamia ile yenye majirani wachache huweza kuongeza kasi bila gharama.

Matumizi yasiyoonekana

Simu inayohifadhi picha mtandaoni, kompyuta inayosasisha programu zake na kamera ya ulinzi inayorusha video hutumia laini bila mtu kuona. Upakiaji ukijaa, data hupanga foleni ndani ya ruta na hata upakuaji huzorota. Ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao kwa ruta nyingi hufunguliwa kwa anwani 192.168.0.1 au 192.168.1.1, huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa kisichojulikana ni dalili kwamba nenosiri limewafikia wengine na linafaa kubadilishwa.

Umri wa vifaa

Kiwango cha 802.11b cha mwaka 1999 kilikuwa na upeo wa Mbps 11. Viwango vya 802.11n (2009), 802.11ac (2013) na 802.11ax, kinachojulikana kama Wi-Fi 6, viliongeza kasi mara nyingi. Simu ya zamani haiwezi kuzidi kiwango chake hata ikiwa ruta ni mpya. Aidha, ulinzi wa zamani wa WEP au TKIP huvifanya vifaa vya 802.11n kushuka hadi Mbps 54. WPA2 yenye AES, au WPA3, huondoa kizuizi hicho na ni salama zaidi.

Kuwasha upya na viongeza mawimbi

Kuizima ruta kwa nusu dakika na kuiwasha tena huondoa hitilafu za muda. Ikiwa jambo hilo linahitajika kila siku, huenda ruta inapata joto kupita kiasi, adapta yake ya umeme imechoka au programu yake ya ndani inahitaji kusasishwa. Kitufe kidogo cha kurejesha hali ya kiwandani si cha kuwashia upya: hufuta mipangilio yote, pamoja na ile iliyowekwa na mtoa huduma, na huweza kuiacha nyumba bila intaneti kabisa.

Kiongeza mawimbi huwekwa kati ya ruta na chumba chenye shida, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Kikiwekwa ndani ya chumba chenyewe hurudia mawimbi yaleyale dhaifu. Kinachopokea na kutuma kwa chaneli moja hupunguza kasi kwa takriban nusu; kuvuta waya hadi kwenye kituo cha pili cha Wi-Fi hakuna hasara hiyo.

Sababu za nje ya nyumba

- Kikomo cha matumizi: baadhi ya vifurushi visivyo na kikomo hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha data. Masharti ya kifurushi hutaja kiasi hicho.
- Msongamano wa mnara: watumiaji wa 4G na 5G hugawana uwezo wa mnara mmoja, hivyo kasi hushuka jioni. Ruta ya laini ya simu hufaa kuwekwa karibu na dirisha linaloelekea mnara.
- Faiba iliyokunjwa: mwanga huvuja penye kona kali. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba humaanisha mwanga haufiki. Ncha ya faiba haichunguliwi kwa jicho, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru.
- Seva ya majina ya tovuti (DNS): ikiwa nzito, kurasa huchelewa kuanza lakini video ikishaanza hucheza vizuri. Seva za umma kama 8.8.8.8 na 1.1.1.1 huweza kutumiwa badala yake.

Kuwasilisha malalamiko

Vipimo vikionyesha kasi ndogo kwa waya, mtumiaji ana msingi wa kudai huduma aliyoilipia. Malalamiko huwa na nguvu yakiambatana na orodha ya vipimo vya siku kadhaa: tarehe, saa, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na ucheleweshaji, pamoja na maelezo kwamba kipimo kilifanywa kwa waya. Bila orodha hiyo, jibu la kawaida ni kuambiwa kuwasha ruta upya. Mtoa huduma asipotatua tatizo, malalamiko hupelekwa kwa msimamizi wa sekta: nchini Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nchini Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Tazama pia

- Intaneti
- Wi-Fi
- Ruta
- Faiba
- Anwani ya IP