Hesabu ya Kurudi Nyuma

Ugomvi wa sayansi na sinema juu ya safari za angani si wa jana. Mwaka 1929, katika Ujerumani, Fritz Lang alitoa picha isiyo na sauti, Frau im Mond, yaani Mwanamke Mwezini. Mshauri wake alikuwa Hermann Oberth, bingwa wa elimu ya roketi. Chombo chao kilikuwa cha vipande vinavyoachana njiani; kilitolewa bandani kikiwa wima; wasafiri walilala ili wastahimili uzito wa kupaa. Yote hayo yalikuja kutendeka kweli.

Lakini huko Mwezini wasafiri walivuta pumzi kama watu walio bustanini! Wataalamu wa nyota walikwisha kujua kuwa Mwezi hauna hewa ya kuvuta. Nadhani sababu ni nyepesi: katika picha isiyo na sauti uso ndio ulimi, na uso uliofunikwa ni bubu. Hapo kweli ilitolewa kafara, na mimi simlaumu Lang.

Ajabu iko kwingine. Lang aliona kuwa hesabu ikipanda, moja, mbili, tatu, mtazamaji hajui chombo kitaruka lini. Akaigeuza: tarakimu zikashuka katika maandishi ya picha hadi moja, kisha neno “Sasa!” Hiyo haikuwa sayansi, ilikuwa hila ya kushika roho za watu. Wanaodai sinema iwe mtumwa wa sayansi na waieleze, maana tarehe 16 Julai 1969, Apollo 11 ilipoondoka Florida kwenda Mwezini, wahandisi walihesabu vivyo hivyo, kinyumenyume.