Kura za Watu wa Sinema: Jinsi Tuzo za Hollywood Zinavyotolewa na Kubashiriwa

Kila mwaka, kabla majina ya wanaowania tuzo za Hollywood hayajatangazwa, magazeti ya Marekani hujaa ubashiri. Waandishi hubashiri ni sinema zipi zitakazopendekezwa, na katika hizo ni ipi itakayoshinda. Wako wanaoishi kwa kazi hiyo. Mtu asiyewafahamu huenda akadhani kwamba ni wahakiki wa sanaa, kumbe sivyo. Mhakiki huuliza kama sinema ni nzuri. Mbashiri huuliza ni nani anayepiga kura, na kura hizo huhesabiwaje. Makala haya yanalifuata swali hilo la pili, kwa kuwa ndani yake yamo maelezo ya jambo linalotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki: kwa nini baadhi ya picha za nchi zetu zilipewa heshima kubwa, na nyingine hazikupewa.

Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema iliundwa Los Angeles mwaka 1927. Aliyelianzisha wazo hilo ni Louis B. Mayer, mkuu wa kampuni ya MGM, na waasisi walikuwa watu 36. Shabaha yao ya kwanza haikuwa tuzo. Wenye kampuni walitaka chombo ambamo waongozaji, waandishi, waigizaji na mafundi wangeketi pamoja na matajiri wao, na migogoro ya kazi ikamalizwa humo bila kuviachia nafasi vyama vya wafanyakazi. Tuzo zilikuja kama jambo la pembeni. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt. Ugawaji wenyewe ulichukua dakika 15 hivi, na majina ya washindi yalikuwa yamekwisha kutangazwa miezi mitatu kabla. Wakati huo hapakuwa na la kubashiri.

Hapo mwanzo uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa jopo dogo la waamuzi. Mwaka 1930 Mary Pickford, mmoja wa waasisi wa Akademia, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa sinema ya Coquette, na manung'uniko yakazuka. Inasimuliwa kwamba alikuwa amewaalika waamuzi nyumbani kwake kunywa chai. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, baada ya hapo haki ya kupiga kura ilipanuliwa ikawafikia wanachama wote. Miaka michache baadaye zikatokea kelele nyingine. Bette Davis hakupendekezwa kwa kazi yake katika Of Human Bondage ya mwaka 1934, na wanachama walikasirika hata Akademia ikawaruhusu kuandika jina lolote kwenye karatasi ya kura. Davis hakushinda, lakini mwaka uliofuata mpiga picha Hal Mohr alishinda kwa njia hiyo hiyo, na ruhusa ikafutwa upesi. Tangu wakati huo pia kazi ya kuhesabu kura ilikabidhiwa kampuni ya wahasibu ya Price Waterhouse.

Siri ya bahasha ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu ya uvunjaji wa ahadi. Desturi ilikuwa magazeti kupewa matokeo mapema kwa sharti la kuyachapa baada ya sherehe. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times liliyachapa kabla, na wageni wakawasili ukumbini wakiwa wamekwisha kuyasoma. Toka mwaka 1941 majina yamefungwa ndani ya bahasha. Usiku huo huo wa 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kupata tuzo, kwa sinema ya Gone with the Wind, naye aliketishwa kwenye meza ya peke yake, mbali na wenzake aliocheza nao. Mwanafunzi wa historia na ayaangalie mambo hayo mawili kwa pamoja: kura zilikuwa za siri na za haki kwa kadiri ya sheria, na ukumbi ulikuwa wa ubaguzi.

Yafaa sasa kueleza utaratibu wenyewe. Wanachama wamegawanyika katika matawi kwa kazi zao, na tawi la waigizaji ndilo kubwa kuliko yote. Kwa kawaida waigizaji ndio wanaowapendekeza waigizaji, na waongozaji ndio wanaowapendekeza waongozaji. Wote kwa jumla hupendekeza sinema bora. Baada ya hapo wanachama wote hupigia kura karibu kila tuzo. Katika hatua ya mapendekezo mpigakura huyapanga majina kwa mfuatano wa kupenda kwake. Tuchukue mfano: tawi limepiga kura 600 na nafasi ni 5. Hesabu hugawanywa kwa 6, kisha huongezwa moja. Kwa hiyo anayepata kura 101 za nafasi ya kwanza amepita, hata kama hao wengine 499 hawampendi hata kidogo. Ndiyo maana kazi inayopendwa mno na wachache huweza kupendekezwa, ilhali ile ambayo kila mtu huiona nzuri lakini hakuna aiwekaye ya kwanza, huachwa nje.

Kushinda ni habari nyingine. Kwa miongo mingi sinema iliyopata kura nyingi kuliko wenzake ndiyo iliyoshinda, hata kama haikufikia nusu. Kuanzia sherehe ya mwaka 2010, sinema zilipoongezwa kutoka 5 hadi 10, tuzo ya sinema bora imekuwa ikihesabiwa kwa njia ya mfuatano. Ya mwisho huondolewa, na kura zake hupewa zile zilizowekwa nafasi ya pili na wapigakura wake, na hivyo hivyo mpaka moja ipite nusu. Hapa mwenye kupendwa mno na kuchukiwa mno huwa hatarini, na mwenye kukubalika kwa watu wengi hupata nguvu.

Wabashiri hawana njia ya kuziona karatasi hizo. Akademia haitoi hesabu ya kura; mwaka 1969 ilijulikana tu kwamba Katharine Hepburn na Barbra Streisand walilingana, wakapewa tuzo wote wawili. Kwa hiyo mbashiri hutazama vyama vya kazi. Chama cha Waongozaji, Chama cha Watayarishaji na Chama cha Waigizaji hutoa tuzo zao kabla ya Akademia, na wengi wa wapigakura wa Akademia ni wanachama wa vyama hivyo. Tuzo za Golden Globe, ambazo kwa miaka mingi zilitolewa na kikundi cha waandishi wa magazeti ya nje wasiofika hata mia moja, zina kelele nyingi lakini hazina uzito huo. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, binti wa wazazi Wakenya, alikosa Golden Globe, akakosa na tuzo ya Chuo cha Sinema cha Uingereza. Zote zilikwenda kwa Jennifer Lawrence. Lakini waigizaji wenzake walimpa tuzo ya chama chao, na tarehe 2 Machi Akademia ikampa yake kwa sinema ya 12 Years a Slave. Aliyezitazama kura za wenye kazi hakushangaa.

Hata hivyo mwaka uliowachanganya wabashiri kuliko mingi, na unaostahili kukaliwa kidogo katika makala haya, ni ule wa sinema za 1985. Tangu katikati ya karne Chama cha Waongozaji kilikuwa kioo cha kuaminika; aliyepewa tuzo yake alikosa ya Akademia kwa nadra mno. Mwaka huo kilimpa Steven Spielberg kwa The Color Purple, hadithi ya wanawake weusi wa kusini mwa Marekani iliyotokana na riwaya ya Alice Walker. Lakini jina la Spielberg halikuwamo kabisa katika waongozaji watano waliopendekezwa na Akademia. Maelezo yake yamo katika hesabu. Chama kina maelfu ya wanachama, wakiwamo waongozaji wa televisheni na wasaidizi wao, na tawi la waongozaji wa Akademia lilikuwa na watu mia chache tu. Ni wapigakura wawili tofauti wanaoitwa kwa jina moja.

Sinema hiyo ilipendekezwa kwa tuzo 11, na tarehe 24 Machi 1986 haikupata hata moja. Iliyoshinda ni Out of Africa, iliyopigwa picha nchini Kenya na kuongozwa na Sydney Pollack, ambayo nayo ilikuwa na mapendekezo 11. Ikatwaa tuzo 7, pamoja na ya sinema bora na ya mwongozaji. Wapo Wamarekani weusi walioilaumu The Color Purple kwa jinsi ilivyowachora wanaume weusi, na wapo walioilaumu Akademia kwa kuinyima kila kitu. Kwa upande wetu inatupasa kuitazama ile iliyoshinda. Ni sinema ya kupendeza macho, na muziki wa John Barry ulistahili tuzo yake. Lakini ndani yake Kenya ni mandhari ya mapenzi ya mwanamke wa Denmark na mwindaji wa Kiingereza. Wakikuyu, wenye ardhi ile, ni watumishi na vibarua wa shamba la kahawa, na mawazo yao hayaongozi hata hatua moja ya kisa. Sidhani kwamba wapigakura wale walikaa wakaamua kuwadhalilisha Waafrika. Walipiga kura kwa kile walichokuwa wamezoea kukiita kikubwa: mapenzi, mandhari mapana, na nyota wawili waliowajua. Mazoea hayo ndiyo hoja.

Wala hayakuwa mageni. Mwaka 1960 tuzo ya sinema ndefu ya kumbukumbu ilikwenda kwa sinema ya Kijerumani ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, iliyotengenezwa Tanganyika na ambayo mwanawe Michael alifia kazini humo kwa ajali ya ndege mwezi wa Januari 1959. Kazi ile ilisaidia sana kuhifadhi wanyama, na hilo halina ubishi. Lakini wahusika wake wakuu ni nyumbu na pundamilia. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti na kuhamishiwa upande wa Ngorongoro, na habari yao haikuwa na mahali pa kupewa tuzo.

Fedha nazo zina sehemu yake. Mwaka 1960 John Wayne aliitangaza sinema yake, The Alamo, kwa nguvu zilizowachukiza wengi. Ilipendekezwa mara 7 ikapata tuzo moja tu, ya sauti. Wenye kampuni hawakukata tamaa, bali walijifunza kutangaza kwa ustadi zaidi. Mwaka 1999 Shakespeare in Love ya kampuni ya Miramax iliishinda Saving Private Ryan baada ya kampeni ambayo bado inazungumzwa. Tangu hapo kila mbashiri hupima pia mfuko wa kampuni.

Mabadiliko makubwa yalianza pale hesabu ya wapigakura wenyewe ilipowekwa wazi. Mwaka 2012 Los Angeles Times lilichunguza orodha ya wanachama, likaona kwamba asilimia 94 walikuwa weupe, asilimia 77 wanaume, na umri wa kati ulikuwa miaka 62. Kisha kwa miaka miwili mfululizo, 2015 na 2016, waigizaji wote 20 waliopendekezwa walikuwa weupe. Akademia ikaazimia kuongeza maradufu idadi ya wanachama wanawake na wa jamii nyingine ifikapo mwaka 2020, ikaalika na wengi wa nchi za nje. Vioo vya wabashiri vikaanza kupasuka. Mwaka 2017 La La Land ilikuwa imekwisha kupata tuzo za waongozaji na watayarishaji. Usiku wa tarehe 26 Februari ikatangazwa mshindi kwa kosa la bahasha, na dakika chache baadaye mshindi wa kweli akatajwa: Moonlight, sinema ndogo ya kijana mweusi wa Miami. Mwaka 2020 Parasite ya Korea ya Kusini ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupewa tuzo ya sinema bora, ingawa vyama vya waongozaji na watayarishaji vyote viwili vilikuwa vimeichagua 1917. Chama cha Waigizaji ndicho kilichokuwa kimetoa dalili, maana waigizaji wa Parasite walipewa tuzo ya kundi bora.

Kiswahili nacho kimefika mlangoni. Mwaka 2018 sinema fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Kijerumani pamoja na Wakenya, juu ya Waislamu waliowakinga Wakristo ndani ya basi lililoshambuliwa kaskazini-mashariki mwa Kenya, ilipendekezwa lakini haikushinda. Tuzo ya sinema za kimataifa ina mlango wake: kila nchi hupeleka moja. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, na mwaka 2022 Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi inayofahamika vyema katika shule zetu. Nchi zaidi ya 90 zilipeleka sinema mwaka huo, na zilizopita mchujo wa kwanza ni 15. Ya Zanzibar haikuwamo. Katika mchujo huo mpigakura hulazimika kutazama idadi maalumu ya sinema kabla ya kupiga kura. Kwa kura za mwisho za tuzo nyingi hapakuwa na sharti la namna hiyo, na mtu aliweza kuipigia kura au kuinyima sinema ambayo hakuiona. Ni mwezi wa Aprili 2025 tu Akademia ilipotangaza kwamba, kuanzia tuzo za mwaka 2026, mwanachama lazima awe ametazama sinema zote zilizopendekezwa katika tuzo anayotaka kuipigia kura.