Cheti cha Fundi wa Umeme: Kutoka Mwadingusha mpaka Pweto

Seremala akikutengenezea meza mbovu, waiona siku ile ile: mguu mmoja ni mfupi, ubao umepasuka. Mwashi akijenga ukuta uliopinda, hata mtoto atauonyesha kwa kidole. Lakini fundi wa umeme huificha kazi yake ndani ya ukuta na juu ya dari. Taa yawaka, mwenye nyumba afurahi, alipa, basi. Kama waya ni mwembamba kuliko mzigo wake, au kama umeungwa vibaya, hatajua leo wala kesho. Pengine atajua baada ya miaka 2, usiku wa manane, nyumba ikiungua.

Ndiyo sababu watu wa nchi nyingi waliona tangu zamani kwamba kazi hii haiwezi kupimwa kwa macho ya mnunuzi peke yake. Yahitaji mtu mwingine ajuaye, ampime fundi kwanza, kisha aseme kwa maandishi: Huyu aweza. Maandishi hayo ndiyo tunayoita cheti au leseni. Leo twataka kueleza jinsi hati hiyo ilivyofika Katanga, nani alipewa na nani alinyimwa, na kwa nini jambo hili lawahusu hata watu wa Pweto.

Kanuni zilizoletwa na moto

Taa za umeme zilipoanza kuingia katika nyumba za Ulaya, hatari ya moto iliingia pamoja nazo. Mwaka 1882 chama cha wahandisi wa simu na umeme huko London kilitoa kanuni za kuzuia moto utokao katika taa hizo. Kanuni zile zimeandikwa upya mara nyingi, na mpaka leo ndizo msingi wa kazi ya kutandaza nyaya nchini Uingereza. Ufaransa, kwa amri ya mwaka 1972, iliagiza kwamba nyumba mpya isipewe umeme mpaka kuwe na hati ya kuthibitisha kwamba nyaya zake zafuata kanuni. Ubelgiji ilitoa amri yake kuu juu ya mitambo ya umeme mwaka 1981.

Tuangalie vema: hapa mna mambo mawili. La kwanza ni kumpima mtu. La pili ni kuikagua kazi yake. Fundi hodari aweza kuchoka au kufanya haraka. Na kazi iliyoonekana njema leo yaweza kuwa imefanywa kwa bahati tu. Nchi zenye busara hushika yote mawili.

Umeme waingia Katanga

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo. Machimbo yalipokua yalihitaji nguvu nyingi kuliko zile za kuni na makaa ya mawe. Basi watu wakatazama mito. Mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha ilianza kazi kwenye maporomoko ya mto Lufira, na maji yaliyozuiwa yakafanya ziwa tunaloliita Tshangalele. Baadaye ikafuata Koni mwaka 1950, katika mto ule ule. Katika mto Lualaba ikajengwa Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956. Majina ya Kibelgiji iliyopewa mitambo hiyo yamekwisha kusahauliwa na wengi, lakini mitambo yenyewe ipo.

Na Pweto je? Mto Luvua hutoka katika Ziwa Mweru hapo hapo Pweto. Maji hayo, yakisha kuteremka kuelekea Manono, yalizungusha mashine za Piana Mwanga, zilizojengwa kwa ajili ya machimbo ya bati ya kampuni ya Géomines. Hivyo maji yapitayo mbele ya milango ya watu wa Pweto yaliwasha taa za mahali pengine.

Cheti ni mlango, cheti ni ukuta

Mitambo haijiendeshi. Yahitaji watu wa kuunga nyaya, kulinda swichi kuu, kupanda nguzo, kutengeneza mota zilizoungua. Nani aliruhusiwa kuitwa fundi?

Katika Afrika ya Kusini jibu lilikuwa kali. Sheria ya migodi ya mwaka 1911 ilifuatwa na kanuni zilizowazuia Waafrika kupata vyeti vya kazi za ujuzi. Mwaka 1923 mahakama ilisema kwamba kanuni hizo hazina nguvu, maana sheria yenyewe haikutaja rangi. Je, Bunge lilikubali? La. Mwaka 1926 lilitunga sheria nyingine, likaandika ubaguzi waziwazi: cheti cha ujuzi katika kazi za mashine hakitapewa Mwafrika wala Mhindi. Hapo twaona jambo la kusikitisha. Karatasi iliyowekwa ili kulinda maisha ya watu ikageuzwa kuwa ukuta wa kulinda mishahara ya wachache. Mtu hakuulizwa, Waweza kuunga waya? Aliulizwa, Ngozi yako ni ya rangi gani?

Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ng'ambo ya Ziwa Mweru, ukuta ulijengwa hasa kwa mapatano ya chama cha wafanyakazi Wazungu na makampuni. Ulianza kubomolewa kidogo kidogo mwaka 1955, baada ya migomo na mabishano marefu.

Katika Katanga mambo yalikwenda njia nyingine. Kumleta Mzungu kutoka mbali, pamoja na nyumba yake na safari zake, kulikuwa na gharama kubwa. Kwa hiyo tangu miaka ya 1920 kampuni iliwafundisha Waafrika kazi za mashine ambazo jirani zao wa kusini walikatazwa. Lakini tusidanganyike. Mikono ya Mwafrika ilifanya kazi. Jina la ukubwa na mshahara wa ukubwa vilibaki kwa Mzungu. Tena ujuzi wake ulijulikana kwa msimamizi wake tu. Akitoka katika lango la kampuni, nani angemshuhudia?

Shule za ufundi zilianza pia mapema. Mapadre Wasalesiani walifika Élisabethville mwaka 1911, wakiongozwa na Padre Joseph Sak, wakafungua shule ya kazi za mikono. Baadaye ufundi ulifundishwa pia huko Kafubu. Kazi za mwanzo zilikuwa useremala, uhunzi na nyingine za namna hiyo. Mpaka leo Wasalesiani wana shule ya ufundi Lubumbashi, iitwayo Salama, na umeme ni mmojawapo wa masomo yake.

Baada ya Uhuru

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, wenyeji waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Mafundi wa kati walikuwapo, lakini wengi hawakuwa na hati ya kuonyesha. Hapo nchi iliona wazi hasara ya kujifunza bila kushuhudiwa.

Basi mwaka 1964 Serikali iliunda chuo cha taifa cha kuwatayarisha wafanyakazi, kijulikanacho kwa herufi INPP. Kazi yake ni kuwafundisha wafanyakazi, kuwaongezea ujuzi, na kuwapima. Chuo hicho kina tawi Lubumbashi. Mwaka 1967 ukaanza mtihani wa Serikali kwa wamalizao shule za sekondari, na shule za ufundi zikiwamo. Ndiyo maana huku kwetu watu husema fundi fulani ni A2, mwingine ni A3: ni vipimo vya masomo aliyoyafikia. Mwaka 1970 ikaundwa SNEL, shirika la umeme la taifa. Mwaka 1982 kazi kubwa ya kuvuta waya kutoka Inga mpaka Kolwezi ilifika mwisho wake, safari ya kilomita kama 1,700.

Kwa miaka mingi SNEL peke yake ndiyo iliyoshika umeme wa nchi. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua mlango huo: makampuni mengine nayo yaweza kuomba ruhusa ya kuzalisha, kusafirisha, kugawa na kuuza umeme, na mamlaka ya kuyasimamia imeundwa. Hilo ni jema. Lakini sheria hiyo yatazama hasa wakubwa. Fundi wa mtaani, mwenye bisibisi na koleo mfukoni, aitwaye na mama wa nyumba siku taa zimezimika, yu mbali na ofisi hizo.

Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Huko sheria ya umeme ya mwaka 2008 ilifuatwa na kanuni za kumpa leseni fundi mmoja mmoja, kwa madaraja. Wa daraja A aweza kushika kazi za umeme wa nguvu zote. Wa daraja D hushika kazi ndogo za nyumbani tu. Uzuri wa mpango huo ni huu: mnyonge hafukuzwi, bali aambiwa mipaka yake, na njia ya kupanda yaonekana. Tena chuo chao cha ufundi, VETA, humpima hata mtu aliyejifunza kazini bila kukaa darasani. Wahenga walisema, Chanda chema huvikwa pete. Lakini sharti kwanza awepo mtu wa kukitazama chanda.

Mashaka ya Pweto

Mwezi wa Desemba 2000 vita vilifika Pweto, na maelfu ya watu wakakimbilia Zambia. Miaka ya ukimbizi haikuwa bure kwa wote. Kijana aweza kujifunza kazi hata ugenini. Tuseme mmoja alisoma ufundi huko, akapata cheti. Akirudi nyumbani, cheti chake kimeandikwa kwa Kiingereza, na karani wa ofisi asoma Kifaransa. Mwingine alijifunza kwa mjomba wake, akishika tochi na kutazama, na sasa ana miaka 15 ya kazi bila karatasi yoyote. Pamoja nao yuko wa tatu, aliyeanza mwezi jana, ambaye hajui tofauti ya waya mnene na mwembamba. Mbele ya mteja, wote watatu ni sawa. Na mara nyingi atachaguliwa yule wa bei ndogo.

Jambo hili limezidi uzito tangu majenereta madogo na vibao vya jua vilipoenea vijijini. Watu hudhani umeme wa jua ni mpole. Sivyo. Betri ikiungwa vibaya yaweza kuwaka moto kama petroli.

Wengine husema: Basi, wasio na cheti wakatazwe wote. Sisi hatukubali. Kumtaka fundi wa Pweto asafiri mamia ya kilomita mpaka Lubumbashi, aache watoto wake, alipe nauli na chumba, ili apimwe siku 2, ni kujenga ukuta mwingine, si wa rangi bali wa fedha. Yafaa wapimaji waende kwa mafundi, hata mara 1 kwa mwaka, wamtazame kila mmoja akifanya kazi, wampe daraja analostahili.

Wala tusiabudu karatasi. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala mjini Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia watu, wakafa 26, na wengi wao walikuwa akina mama wauza bidhaa. Waya ule haukuwa wa fundi wa mtaani. Cheti chasema mtu ajua; hakisemi kwamba leo amekagua.

Kwa hiyo, wasomaji, hata kabla wapimaji hawajafika, kila mwenye nyumba aweza kuuliza fundi wake maneno machache. Swichi kuu iko wapi, na je, utaizima kabla ya kuanza? Waya wa kwenda ardhini upo? Fyuzi hii yafaa mzigo huu, au mtu ameweka kipande cha waya mahali pake? Fundi mwenye ujuzi hatachukizwa, atafurahi kuulizwa. Akikasirika, mlipe nauli yake, umwage kwa heshima, ukamtafute mwingine.