Njia ya Klivia: Kutoka Misitu ya Natal hadi Changchun

Katika misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini, chini ya miti ambako jua hupenya kwa shida, huota mmea wenye majani marefu mfano wa mkanda na maua ya rangi ya chungwa. Ni klivia. Ingawa ina undugu na amarilisi, haina kitunguu. Ina shina fupi lililojificha ardhini na mizizi minene inayohifadhi maji. Kwa miaka mia mbili sasa mmea huu umesafirishwa huku na huko, na kila aliyeuchukua alivutiwa na sehemu yake moja tu. Ukifuata njia yake utaona jinsi chaguo hilo lilivyoamua hatima ya msitu.

Wa kwanza kuujua walikuwa wenyeji. Wazulu huuita umayime, na waganga wao hutafuta sehemu ya chini: hutibu homa, huwasaidia wajawazito wanaokaribia kujifungua, na huwa kinga dhidi ya mabaya. Kwa kuwa mmea una sumu iitwayo likorini, kuuandaa ni kazi ya mwenye ujuzi.

Mwezi Septemba 1815, mtafiti Mwingereza William Burchell aliukuta katika eneo la Eastern Cape. Miaka michache baadaye James Bowie, mkusanyaji wa mimea wa bustani ya Kew, alipeleka mimea hai Uingereza. Mwezi Oktoba 1828 wataalamu wawili waliutangaza kwa majina mawili tofauti: William Hooker aliyechunguza mmea wa Kew, na John Lindley aliyeuona ukichanua Syon House, makazi ya Duki wa Northumberland. Lindley aliuita Clivia nobilis kwa heshima ya mke wa duki huyo, Charlotte Florentia Clive, mjukuu wa Robert Clive aliyeiteka Bengal. Jina hilo ndilo lililodumu.

Maua ya nobilis huinama. Kilichowapagawisha Wazungu hasa ni aina nyingine ya klivia, miniata, iliyofika kutoka Natal katika miaka ya 1850 ikiwa na maua yaliyofunguka kuelekea juu. Sebule za enzi ya Malkia Victoria zilikuwa na giza, na mmea uliozoea kivuli cha msitu haukuona tabu humo. Kisha, mwishoni mwa karne hiyo, klivia ya njano ilipatikana katika msitu wa Eshowe, Zululand, na mwaka 1899 ikapewa jina la citrina. Kwa miaka mingi iliendelea kuwa adimu. Aliyekuwa nayo alisubiri chipukizi pembeni mwa mmea mama, akalitenga na kulipanda.

Njia ya mashariki ilipitia Japani. Katika miaka ya 1930 klivia zilifika Changchun, mji mkuu wa dola ya Manchukuo ambako Puyi, mfalme wa mwisho wa China, alikalia kiti cha enzi chini ya Wajapani. Huko watu walipenda jani kuliko ua: fupi, pana, linalong'aa, lenye mishipa inayoonekana wazi. Mwaka 1984 mji huo uliifanya klivia kuwa ua lake rasmi. Miche ya aina bora iliuzwa kwa fedha ambazo mfanyakazi wa kiwandani asingezipata kwa miaka kadhaa ya mshahara, hadi bei ilipoporomoka mwaka uliofuata.

Wakati huohuo, kule kwao, miniata ilizidi kung'olewa. Anayechuma ua huuacha mmea. Anayechukua shina na mizizi huuondoa wote. Masoko ya dawa za asili ya miji kama Durban yanahitaji mzigo mkubwa kuliko alivyohitaji mganga wa kijijini, na leo miniata imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini nchini Afrika Kusini.

Dawa ya tatizo hilo imo ndani ya tunda. Tunda la miniata huchukua karibu miezi tisa au zaidi kuiva. Mbegu husafishwa nyama yote, huwekwa juu ya udongo usiotuamisha maji bila kufukiwa, kisha hutunzwa kivulini. Mche huchanua baada ya miaka mitatu hadi mitano, nao unahitaji majira ya baridi kiasi na ukavu ili utoe ua. Ndiyo maana huchanua kwa urahisi zaidi kwenye nyanda za juu kama za Nairobi kuliko katika joto la pwani.

Anayetaka ya njano ajue kwamba rangi hiyo haitokani na chanzo kimoja cha kurithi. Njano mbili za asili tofauti zikipandishwa zinaweza kuzaa watoto wa rangi ya chungwa watupu. Kwa hiyo mnunuzi makini huuliza wazazi wa mche kabla ya kuuliza bei. Muuzaji anayeweza kujibu ameotesha mwenyewe, na mche wake haukutoka msituni.