Ukuta wa Wakati: Istilahi za Mbio za Flash

Toleo la 4 la jarida la katuni la Showcase, la Oktoba 1956, ndilo lililomleta Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi aliyepigwa na radi katikati ya kemikali zake akawa Flash, binadamu mwenye mbio zisizo na mfano. Katika hadithi ya pili ya toleo hilo, iliyoandikwa na John Broome na kuchorwa na Carmine Infantino, anapambana na Mazdan, mhalifu kutoka karne zijazo. Ili kumrudisha kwao inambidi akimbie mpaka avunje kile kinachomtenga mtu na zama zisizo zake.

Hicho tukiiteje? Wamarekani walikiita kwa jina linalofanana na lile la marubani, maana tangu Chuck Yeager aipite kasi ya sauti tarehe 14 Oktoba 1947, watu walizoea kusema kwamba sauti nayo ina kizuizi. Mfasiri mwenye haraka ataandika “kizuizi cha muda”, na hapo atakuwa amekosea mara mbili. Muda ni kipande cha wakati kinachopimika: muda wa likizo, muda wa maongezi ya simu. Kizuizi nacho ni kile cha askari barabarani, ukishakaguliwa, unapita. Kiswahili kilikwisha kulitaja jambo hili kwa methali: wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Basi istilahi ni “ukuta wa wakati”. Imebeba jina la kitu pamoja na onyo lake.

Safari yenyewe inahitaji uangalifu zaidi. “Kusafiri kwa wakati” ni kuondoka saa iliyopangwa, kama anavyotamani kila abiria. “Kusafiri kwa muda” ni kwenda kisha kurudi baada ya kitambo. Hakuna hata moja linalomfaa Flash. Mimi nachagua “kuvuka zama”, kwa sababu anayevuka, iwe mto au mpaka, huacha upande mmoja akafika ng'ambo. Na mwelekeo wa safari tunao tayari. Tunasema miaka ya nyuma, tunasema siku za usoni. Lugha yetu imeupanga wakati kwa mwili wa mkimbiaji, uso wake ukitazama anakokwenda.

Mwaka 1961, katika toleo la 125 la The Flash, Broome na Infantino walimpa shujaa wao mashine ya ajabu. Anakimbia juu ya mkanda wake bila kusogea hata hatua moja, lakini mtetemo wa mbio zake unamhamisha hadi karne nyingine. Katika kumbi za mazoezi, chombo cha namna hiyo ni mashine ya kukimbilia. Hapa sarufi inatupa zawadi: kukimbilia ni kukimbia kwa kutumia kitu, na pia ni kukimbia kuelekea mahali. “Mashine ya kukimbilia zama” inazishika maana zote mbili kwa kitenzi kimoja.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni “kuwahi”. Mwaka 2011 Geoff Johns na mchoraji Andy Kubert walitoa Flashpoint. Barry anaamka katika dunia iliyopinda: mama yake, Nora, ambaye aliuawa Barry akiwa mtoto, yu hai, Bruce Wayne alikufa utotoni na Batman ni baba yake, Atlantis na Waamazoni wako vitani. Mwishoni anagundua kwamba aliyeipinda dunia ni yeye mwenyewe. Alirudi nyuma akamwahi mama yake kabla hajauawa, na katika dunia iliyotokana na tendo hilo yeye hajawahi kuwa Flash. Kitenzi ni kilekile. Kuwahi ni kufika kabla jambo halijaharibika. Kuwahi pia ni kuwa na tukio katika maisha yako yaliyopita. Barry aliwahi kwa maana ya kwanza, akapoteza ya pili. Kurasa nyingi za Flashpoint zinaujenga msiba ambao Kiswahili kinaubeba katika silabi tatu.

Kwa hiyo nawasihi wafasiri na wachoraji wetu vijana wanaotaka kusimulia mbio za namna hii: msianze na kamusi ya Kiingereza. Anzeni na namna bibi zetu walivyousema wakati, na namna makondakta wanavyousema leo. Istilahi nzuri humsaidia msomaji aelewe hadithi kabla ya kuelezwa. Anayesoma kwamba Flash ameuvunja ukuta wa wakati atajua papo hapo kwamba kuna mtu atakayeumia, na ataufunua ukurasa unaofuata kwa hofu inayostahili.