Nani alikuona ukiwa juu?

Najua wengi mmebanwa na test, na wengine mnasubiri bumu kwa macho mekundu, lakini naomba dakika tano tu. Leo naandika historia ambayo haimo kwenye desa la mtu yeyote hapa chuoni: jinsi marubani wa glaida walivyohangaika miaka na miaka kuthibitisha kwamba kweli waliruka, mpaka simu janja ikaingia kwenye shughuli hiyo.

Kwanza tuelewane. Glaida ni ndege inayoruka bila kutegemea injini. Inavutwa na ndege nyingine au kwa winchi yenye kamba ndefu, kisha inaachiwa. Kuanzia hapo rubani anatafuta hewa inayopanda, iwe imepashwa moto na ardhi au imesukumwa juu na upepo unaogonga mlima. Tumbusi anafanya hivyo hivyo, si mnamwona anazunguka bila kupiga bawa na bado anapanda? Rubani mzuri anakaa juu masaa mengi na kwenda mamia ya kilomita. Sasa jioni anashuka anakwambia, "Nimepiga kilomita 500." Alikuwa peke yake. Utamwamini vipi?

Swali hili lilikuwa dogo mwanzoni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwabana Wajerumani kwenye ndege za injini, vijana wao wakageukia glaida. Mwaka 1920 yakaanza mashindano kwenye mlima Wasserkuppe. Mwaka 1922 Arthur Martens, mwanafunzi kutoka Hannover, alikaa hewani zaidi ya saa moja na glaida iitwayo Vampyr. Ushahidi? Watu walikuwa chini wanamwangalia, saa mkononi. Basi.

Lakini mwaka 1929 Robert Kronfeld akapita kilomita 100. Hapo hakuna jicho linalokufuata tena. Ndipo barografu ikawa shahidi. Ni kasanduku kenye silinda inayozungushwa na mashine ya saa. Silinda imefunikwa karatasi iliyopakwa masizi, na kasindano kanachora kupanda na kushuka kwako kwa kufuata kanieneo ya hewa. Kabla hujaruka, msimamizi anaifunga kwa lakiri. Ukirudi, anaifungua mwenyewe. Mchoro ukionyesha hukugusa ardhi katikati ya safari, umepona.

Shida ni kwamba barografu inajua ulikuwa juu kiasi gani, haijui ulikuwa wapi. Ukitua kwenye shamba la mtu mbali na kwenu, ilibidi utafute mashahidi wa kukusainia karatasi kwamba kweli umetua hapo. Hebu fikiria mkulima wa watu, ndege imemwangukia kwenye ngano, halafu rubani anatoka anaomba saini! Na kama safari ni ya kwenda na kurudi, ulibeba kamera uipige picha kona uliyogeukia. Filamu nayo ilisafishwa chini ya usimamizi, bila kukatwa, ili waone picha zimefuatana. Rekodi kubwa zilipatikana katika zama hizo. Tarehe 25 Aprili 1972 Hans-Werner Grosse aliondoka Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, akatua Biarritz, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kilomita 1,460.

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, mwanasayansi Colin Pennycuick alikuwa anaruka Serengeti na glaida yenye kainjini kadogo, akiwafuata tumbusi angani ili aone wanavyosafiri. Ili kujua ndege kaenda wapi, ilibidi naye awe huko huko juu. Siku hizi watafiti wanamfunga tumbusi kifaa cha GPS na kusoma safari yake mezani.

GPS ndiyo iliyopindua kila kitu. Katikati ya miaka ya 1990 tume ya glaida ya shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, ilianza kupitisha vinasa safari vya GPS. Faili lake linaitwa IGC, na raha yake ni kwamba ni maandishi ya kawaida tu. Kila mstari unaoanza na herufi B una saa, latitudo, longitudo na kimo, kimoja kwa kanieneo na kingine kwa GPS. Chini kabisa kuna sahihi ya kidijitali. Badilisha tarakimu moja, sahihi inakataa. Ile lakiri ya zamani sasa ni hesabu. Glaida zenye injini zina hata kihisi cha kelele, ili usije ukawasha mashine kimya kimya huko juu halafu ukasingizia upepo! Na Mei 2000 Marekani ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS ya raia, mambo yakanyooka zaidi.

Halafu zikaja simu. XCSoar, programu huria ambayo ilianzia kwenye kompyuta za mkononi, ikahamia kwenye Android. Inakuonyesha ramani, inakupigia hesabu kama kimo ulichonacho kitakufikisha uwanjani, na wakati huo huo inanasa safari yote. Kifaa kilichokuwa cha mtu anayetafuta rekodi kikawa cha kila mwanafunzi wa glaida mwenye simu. Marubani wakapandisha mafaili yao mtandaoni wakashindana bila kuonana, na njia zao zikajumlishwa kuwa ramani za mahali hewa hupenda kupanda.

Ila kwa rekodi ya dunia, faili la simu peke yake halitoshi mpaka leo. Sababu ni rahisi: simu ni yako, ukitaka unaifumua na kuipangia chochote. FAI inadai kinasa ilichokipitisha yenyewe. Kwa beji za chini, ile ya fedha na ya dhahabu, vifaa vya GPS vya kawaida zaidi vinaweza kukubaliwa vikipitishwa na chama cha nchi.

Sasa nisikilizeni hapa. Tarehe 29 Agosti 2006 Steve Fossett na Einar Enevoldson walipanda na glaida mpaka mita 15,460 huko Argentina, rekodi ya dunia wakati huo, ikanaswa na kuthibitishwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 3 Septemba 2007, Fossett huyo huyo aliondoka Nevada na kandege kadogo ka injini, peke yake. Hakurudi. Watu walimtafuta kwa ndege, wengine wakapekua picha za setilaiti kwenye intaneti. Mabaki yalipatikana Oktoba 2008 milimani California, baada ya mpanda milima kuokota vitambulisho vyake. Mtu ambaye kimo chake kilijulikana kwa mita, mwisho wake ulitafutwa zaidi ya mwaka.

Ndiyo maana mimi naona kazi kubwa ya simu kwenye glaida siyo kuthibitisha. Kinasa kinabaki na siri yake mpaka ukipate. Simu inaweza kutuma mahali ulipo wakati bado uko hewani, kwa mke, kwa rafiki, kwa klabu. Mtandao ukikatika milimani, angalau alama ya mwisho imebaki na wanajua pa kuanzia. Karibu miaka mia moja watu walikuwa wanauliza, "Tutakuaminije?" Siku hizi wanaweza kuuliza, "Uko wapi, tuje?" Mimi swali la pili nalipenda zaidi.

Haya, narudi kwenye desa, lekchara wa kesho hana utani. Mwenye cha kuongeza aongeze. Tupo pamoja.