Chombo cha Kuandikia na Hatima ya Tahajia: Kutoka Taipureta hadi Programu ya Kuhariria

UTANGULIZI

Historia ya maandishi ya Kiswahili imesimuliwa mara nyingi kama historia ya watu, kamati na vitabu. Vyombo vyenyewe vya kuandikia havikupewa nafasi kubwa. Hata hivyo, kila herufi inayoonekana katika ukurasa imepitia chombo fulani, na kila chombo kina mipaka yake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kuchagua chombo cha kuandikia, tangu kalamu ya mwanzi hadi programu ya kuhariria katika kompyuta ya binafsi, kumekuwa daima ni kufanya uamuzi wa kiisimu, na kwamba aghalabu uamuzi huo umefanywa na watu wasioijua lugha iliyohusika.

Mfano utakaorejelewa ni ule wa mwandishi wa Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, sehemu iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwandishi wa huko huishi na lugha tatu: Ekegusii, lugha ya nyumbani, Kiswahili, lugha ya soko na ya taifa, na Kiingereza, lugha ya ofisi na ya mitihani mingi. Anapoketi mbele ya kompyuta yake ili atunge hadithi au makala, chombo alicho nacho kinaijua vizuri ile ya tatu, kinaijua nusunusu ile ya pili, na ile ya kwanza hakiitambui. Hali hiyo haikuzuka ghafla. Ina asili yake.

KALAMU NA TAIPURETA

Katika mwambao, Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Waandishi wa Mombasa, Lamu na Pate walikuwa na kalamu, na kalamu haikumkatalia mtu kuongeza nukta. Ndiyo maana wanazuoni wa Kimvita waliweza kubuni alama za kutofautisha sauti ambazo Kiarabu hakina. Kwa njia hiyo iliwezekana kutenganisha kimaandishi *paa* la nyumba na *paa* wa porini, ambaye /p/ yake hutamkwa kwa mpumuo katika lahaja za pwani.

Hali ilibadilika hati za Kirumi zilipotiliwa nguvu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki. Tahajia iliyosanifiwa ilitosheka na herufi zilizokuwamo katika taipureta ya Kiingereza. Sauti ya mwanzo katika neno *ng'ombe* iliandikwa kwa herufi mbili na ritifaa, alama iliyokuwa tayari katika kila mashine. Tofauti ya mpumuo haikuandikwa. Karani wa Nairobi au Tanga hakulazimika kununua mashine nyingine ili aandike Kiswahili, na faida hiyo haikuwa ndogo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba gharama yake ilikuwa ni kuzipoteza katika maandishi tofauti ambazo Mswahili wa Mombasa huzisikia kila siku.

Lugha nyingine za Kenya hazikupata nafuu hiyo. Gĩkũyũ ilihitaji alama ya mawimbi juu ya *i* na *u*, na taipureta za kawaida hazikuwa nayo. Mpiga chapa aliiongeza kwa kalamu au aliiacha kabisa. Ekegusii ina irabu saba, lakini tahajia yake ya kawaida huziandika kwa herufi tano, na toni haiandikwi. W. H. Whiteley, mtaalamu aliyekitumikia Kiswahili kwa miaka mingi, ndiye pia aliyeandika utangulizi wa sarufi ya Ekegusii mwaka 1956 na uchunguzi wa mfumo wa njeo zake mwaka 1960. Katika uchanganuzi wa namna hiyo toni haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa Ekegusii huitumia kutofautishia njeo. Katika barua na vitabu vya kawaida mzigo huo uliachiwa msomaji aukisie.

Haikukosekana jitihada ya kubadili chombo badala ya kuibana lugha. Mkutano wa Niamey wa mwaka 1978, ulioandaliwa chini ya UNESCO, ulipendekeza alfabeti ya pamoja kwa lugha za Afrika, na mwaka 1982 Michael Mann na David Dalby wakatoa toleo lililorekebishwa pamoja na mpangilio wa vibonye wa kuiandikia. Mashine ya aina hiyo haikupata kuenea. Wakati huohuo kompyuta ya binafsi ya IBM, iliyotolewa mwaka 1981, ilikuwa imekwisha kuanza safari yake.

KOMPYUTA NA HERUFI ZAKE

Kompyuta ilirithi mipaka ya taipureta. Mfumo wa ASCII ulikuwa na nafasi 128 tu, na kati ya hizo alama zinazochapika zilikuwa 95. Kiswahili kilitoshea ndani yake bila taabu, kwa sababu ileile iliyokifanya kitoshee katika taipureta. Mfumo mpana zaidi uliotumiwa na Windows kwa lugha za Ulaya ya Magharibi ulikuwa na *ñ* ya Kihispania na *ã* ya Kireno, lakini *ĩ* na *ũ* za Gĩkũyũ hazikuwamo. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o lenyewe limechapishwa mara nyingi bila alama zake, si kwa sababu mwenyewe alitaka hivyo, bali kwa sababu zana za wapiga chapa hazikuwa nazo.

Mfumo wa Unicode, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, uliondoa sehemu kubwa ya kikwazo hicho kwa kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Hata hivyo, kuwapo kwa herufi ni jambo moja, na programu kujua kazi ya herufi hiyo ni jambo jingine. Ritifaa ya *ng'* ni mfano mzuri. Programu nyingi za kuhariria huigeuza kimyakimya ritifaa iliyonyooka na kuifanya ile iliyopinda, kwa kudhani kwamba mwandishi amefunga nukuu. Kwa jicho la msomaji neno halijabadilika. Kwa kompyuta yamekuwa maneno mawili tofauti. Mtu akitafuta *ng'ombe* katika faili, huenda mashine ikampa nusu tu ya ng'ombe wake.

Kwa mtu wa Nyamira jambo hili halikomei kwenye mifugo. Ekegusii nacho huandika *eng'ombe*, na sauti hiyo imo katika majina ya watu, kama vile Mong'are. Katika lugha nyingi za kuamrishia hazina za data, ritifaa ni alama ya kufungia matini. Kwa hiyo fomu za kompyuta ambazo hazikuandaliwa vizuri huikataa, na mwenye jina huandikwa Mongare. Mtoto mmoja aweza kuwa na jina moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine katika cheti cha mtihani, na hitilafu hiyo ikamgharimu mzazi wake safari nyingi za ofisini.

MWAKA 2004

Mwaka 2004 una nafasi ya pekee katika historia hii, kwa kuwa wasemaji wa Kiswahili walipata kushiriki katika kuunda chombo chenyewe. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Mradi huo ulichagua programu ya OpenOffice, ambayo msimbo wake ulikuwa umefunguliwa kwa umma na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2000. Desemba 2004 kikatolewa kifurushi cha Jambo OpenOffice, chenye menyu na maelezo kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuzitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili.

Kazi hizo zilizusha mjadala wa istilahi ambao haujakwisha. Je, mashine yenyewe iitwe *kompyuta*, *tarakilishi* au *ngamizi*? Vitabu vya shule vya Kenya vimelipendelea neno *tarakilishi*, ilhali neno *kompyuta* limeshika mizizi katika usemi wa watu wa nchi zote mbili. Wapo walioona kwamba menyu ya Kiswahili sanifu kupita kiasi ingemtisha mtumiaji aliyekwisha kuizoea ya Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mjadala huo ulielekezwa zaidi kwenye uso wa chombo kuliko kwenye utumbo wake. Menyu iliyotafsiriwa humwambia mwandishi mahali pa kuhifadhi faili; haimsaidii kujua kama *wamekwishaandikiana* ni neno sahihi au ni kosa.

NENO NA ORODHA YA MANENO

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Kikaguzi cha tahajia cha Kiingereza kiliweza kutegemea orodha ya maneno, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kina maumbo machache. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, kikiunganishwa na viambishi vya nafsi, njeo, mtendwa, urejeshi na kauli mbalimbali, huzaa maumbo maelfu kwa maelfu. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha orodha ya Kiswahili ya kukagulia tahajia, na orodha hiyo ikasambazwa pamoja na OpenOffice. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, orodha, hata iwe ndefu vipi, haiwezi kuyameza maumbo yote.

Njia ya pili ilikuwa imeanza mapema zaidi, mbali na Afrika Mashariki. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kuunda kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, akitumia nadharia ya viwango viwili ambayo Kimmo Koskenniemi aliitoa mwaka 1983. Kichanganuzi hicho hakiulizi kama neno limo katika orodha. Kinauliza kama limejengwa kwa kufuata kanuni. Si ajabu kwamba kazi hii ilistawi Finland, nchi ambayo lugha yake nayo hurundika viambishi. Vivyo hivyo, kikaguzi cha Hunspell, ambacho OpenOffice iliingia kukitumia mwaka 2006, kiliundwa kwa ajili ya Kihungari. Kwa hakika Kiswahili kimefaidika zaidi na mahitaji ya lugha zinazofanana nacho kimuundo kuliko na ukaribu wake wa kihistoria na Kiingereza.

Madhara ya chombo kisichoijua lugha si ya kinadharia. Programu iliyowekwa katika Kiingereza huikuza herufi *i* inayosimama peke yake, kwa kudhani kwamba ni nafsi ya kwanza. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika *nyumba i wapi* huona kitenzi chake kishirikishi kimevishwa herufi kubwa. Isitoshe, ukurasa mzima wa Kiswahili hupigiwa mistari myekundu, na mwanafunzi aliyezoea kuiona mistari hiyo kama alama ya kosa hufundishwa pole pole kwamba lugha yake yote ni kosa.

UCHAGUZI WA MWANDISHI WA IKONGE

Kwa kuyazingatia hayo, mwandishi wa Ikonge anayechagua programu ana mambo manne ya kuyapima. La kwanza ni bei na leseni. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, haimdai malipo, na hufanya kazi bila intaneti. La pili ni uwezo wa kutambulisha lugha ya kila aya, ili kifungu cha Kiswahili kisihukumiwe kwa sheria za Kiingereza. La tatu ni uwezo wa kuzima masahihisho ya moja kwa moja na kuilinda ritifaa. La nne ni umbo la faili: faili ya matini tupu katika Unicode itasomeka hata baada ya programu iliyoiandika kutoweka, ilhali maandishi mengi ya miaka ya 1980 yaliyohifadhiwa katika WordStar yanahitaji fundi ili yafunguliwe leo.

Kwa Kiswahili, vipimo hivyo vyatosha kumpatia chombo cha kuridhisha. Kwa Ekegusii havitoshi. Lugha hiyo ina msimbo wake wa kimataifa, *guz*, na majina ya siku na miezi yake yamo katika hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode. Tangu mwaka 2013 ina pia kamusi kubwa ya Kennedy Bosire na Gladys Machogu. Lakini kamusi ya kukagulia tahajia ya Ekegusii haimo miongoni mwa zile zinazosambazwa pamoja na LibreOffice. Kitenzi cha Ekegusii ni kirefu sawa na cha Kiswahili, kwa hiyo orodha tupu ya maneno haitakidhi haja. Panahitajika maelezo ya mofolojia yaliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyafuata, na kazi hiyo ni ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya mhandisi.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba taipureta iliisaidia tahajia ya Kiswahili kuenea na papo hapo ikaipunguza; kwamba kompyuta iliurithi upungufu huo; na kwamba Kiswahili kilipata chombo bora pale vyuo vikuu vilipoingia katika kazi ya kukiunda. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly alitoa programu ya Andika! kwa ajili ya Kiswahili cha hati za Kiarabu, akifuata tahajia ya Mu'allim Yahya Ali Omar wa Mombasa, na zile nukta za wanazuoni wa Kimvita zikarudi katika kioo cha kompyuta. Jambo lililowezekana kwa hati zilizodhaniwa zimekwisha linawezekana pia kwa Ekegusii. Sarufi zipo, kamusi ipo, msimbo upo, na wasemaji wanaoandika kila siku wapo. Idara za lugha za Afrika zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Kichanganuzi cha mofolojia ya kitenzi cha Ekegusii ni mada moja inayowangoja.